Masega ya gari: ni nini, na nani huyaua

Mtu wa Tabora ukimtajia masega, anawaza asali. Gereji nako yapo (Kiingereza huyaita catalytic converter), na jina halikukosea. Lile boksi la chuma kwenye bomba la ekzosi, kati ya injini na sailensa, ukilikata unakuta tofali la kauri lenye vitundu vidogo vidogo vilivyopangana kama kazi ya nyuki. Kuta zake zimepakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huyaulizia sana.

Kazi yake ni kumalizia kilichoishinda injini. Petroli isiyoungua na kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu chumbani, vikipita humo hugeuka mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Lakini masega baridi hayafanyi kitu. Yanataka nyuzi 250 hadi 300 hivi. Gari likipimwa moshi kabla halijapata moto linaweza kufeli bila ubovu wowote.

Gari la zamani likifeli, masega hulaumiwa kwanza. Kwangu mimi, fundi anayekimbilia kuyabadili kabla ya kufungua plagi anakutia hasara, kwa sababu mara nyingi kuna kitu kimeyaua.

Niliwahi kukaa chini ya mwembe nikimtazama fundi akifungua plagi za Corolla kuukuu. Tatu zilikuwa kahawia kama udongo wa kichuguu. Ya nne nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Silinda ile ilikuwa inamisi: koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, imechoka, cheche hakuna, petroli inapita mbichi na kwenda kuungulia kwenye masega. Humo joto hupanda mpaka kauri inayeyuka, vitundu vinaziba, gari linakosa nguvu mlimani. Weka masega mapya ukaiacha koili ileile, nayo utayazika.

Karatasi ya vipimo vya moshi husaidia kumpata muuaji. Petroli mbichi ikiwa juu na kaboni monoksidi chini, anza na plagi na koili. (Uingereza petroli hiyo haitakiwi kuzidi sehemu 200 kwa milioni kwa gari lenye masega.) Kaboni monoksidi ikiwa juu, injini inalishwa mafuta kupita kiasi: nozeli inayonyunyiza petroli inavuja, chujio la hewa limeziba, au sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imezeeka. Sensa isiyo mbovu hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Iliyokwama chini huidanganya kompyuta ya gari kuwa hewa imezidi, nayo inaongeza petroli. Moshi wa buluu ni oili, na hiyo hupaka masega mpaka yanakosa kazi.

Injini ikipoa, gonga boksi kwa kiganja. Likilia kama kokoto kwenye kopo, tofali limevunjika. Likikaa kimya, usifurahi bado: huenda fundi aliyetangulia alishang'oa vyote vya ndani, akakuambia sasa gari litapumua.