Koili Nne kwa Kosa la Plagi Moja

Wiki iliyopita aliingia dada mmoja hapa gereji, Ngamiani, Tanga, Toyota IST yake inatetemeka kama ina homa. Hata salamu hatujamaliza, akaniwekea mezani boksi nne za koili mpya, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa cheche. "Fundi, nifungie hizi. Nimeambiwa koili moja ikifa nyingine zinafuata, bora nibadilishe zote." Risiti ishakatwa, na chini yake pamegongwa muhuri: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Maneno hayo nimeyasikia kwa dereva wa teksi, kwa mwalimu wa Muheza, kwa mzee wa Raskazone aliyeambiwa na mwanawe. Kila anayekuja nayo ameshatoa hela. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika.

Koili haziambukizani. Injini za NZ, zilizomo kwenye IST nyingi za hapa mjini, zina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake, ina soketi yake ya waya na bolti yake moja ya spana namba kumi. Inachukua volti 12 za betri, inazipandisha mpaka makumi elfu ili cheche iruke. Ya silinda ya pili ikifa, ya nne haina habari. Ni kweli zote zina umri mmoja, na nyingine inaweza kufa mwakani. Inaweza pia isife mpaka unaiuza gari. Ikifa, utanunua moja siku hiyo.

Na hapo nazungumzia koili iliyokufa kweli. Wengi wanaoniletea koili mpya, za zamani ni nzima.

Nilimwambia yule dada akae, injini ipoe kwanza. Mashine ya kusomea makosa ya injini ilikuwa imetoa kodi, yaani namba ya kosa, P0303. Watu wakiiona namba hiyo wanasema "koili ya tatu". Haisemi hivyo! Inasema silinda ya tatu haichomi vizuri, basi, kinachosababisha hakijatajwa. Nikachomoa koili ya tatu nikaipeleka ya kwanza, ya kwanza ikaja ya tatu. Nikafuta kodi ile ya kosa, nikawasha. Koili ingekuwa mbovu, kosa lingehama nayo, tungesoma P0301, yaani silinda ya kwanza. Likabaki pale pale, P0303. Nikaziacha koili zilivyo, nikahamisha plagi: ya tatu ikaenda ya kwanza. Safari hii ikasoma P0301.

Nikamwonyesha ile plagi juani. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu mpaka kwenye chuma. Umeme ulikuwa unateleza kwa nje, haufiki kwenye ncha. Ndio ugonjwa wote. Mpaka hapo hatujanunua hata skrubu. Kosa lisingehama hata kwa plagi, ningekwenda kwenye nozeli inayopuliza petroli, kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fundi asiyetaka kukufanyia jaribio hili kabla hujaenda dukani, mwache, tafuta mwingine.

Nikaendelea kupima plagi zilizobaki kwa filageji, kile kipimo cha mapengo membamba. Pengo la plagi za injini ile, yaani nafasi inayorukwa na cheche, ni milimita 1.1; moja ilipitisha 1.4. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Pengo likipanuka, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Koili inajikaza, inapata joto kupita kiasi, siku moja inapasuka kwa ndani. Unafunga koili mpya juu ya plagi zile zile zilizochoka, baada ya miezi unarudi unalalamika spea feki. Koili moja halisi inakula hela ya plagi kadhaa. Kwa hiyo kwangu plagi huja kwanza, seti nzima, maana hizo ndizo zinazochakaa pamoja.

Angalia na shimo la plagi. Ukiona oili imejaa humo, gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, imekwisha. Oili inalainisha mpira wa koili mpaka unavuja umeme. Badilisha gasketi kabla hujagusa kingine, la sivyo utanunua koili kila mwaka.

Mengine nayajibu kwa ufupi.

"Plagi za iridiamu ni mbwembwe." Plagi ya kawaida ya nikeli natoa kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Ya iridiamu inakaribia 100,000. Gawanya bei kwa kilomita, halafu uniambie ipi ghali. Ila haiongezi nguvu ya kupanda mlima wa Soni, asikudanganye mtu. Na ncha yake halisi ni nyembamba, milimita 0.4 mpaka 0.7, ukiona nene kama njiti ya kiberiti, umeuziwa maandishi. Usiipige msasa, unaiharibu.

"Bado inatembea, nitatengeneza mwisho wa mwezi." Petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyayeyusha. Bei ya masega usiulize. Taa ya injini ikiwa inapepesa huku gari inamisi, yaani silinda haichomi vizuri, kaa pembeni, zima, piga simu.

"Kufungua plagi ni kazi ya dakika kumi, kwa nini unanitoza hivyo?" Kwa IST, sawa, tugombane. Harrier ya V6 plagi tatu za nyuma zimefunikwa na manifoldi ya kuingizia hewa, lazima ishuke kwanza. Kuna Honda Fit za zamani zina plagi nane na koili nane kwa silinda nne. Ufundi unalipwa kwa kinachofunguliwa, kwa hiyo uliza kabla ya kukubaliana bei.

"Gari imetoka Japani juzi, plagi ni mpya." Aliyekuuzia hajui, na wewe hujui, na ile namba ya kilomita kwenye dashibodi huwezi kuiapia. Chomoa moja uitazame. Ukifunga mpya, andika tarehe na kilomita kwenye kikaratasi, kibandike ndani ya boneti. Wateja wangu wote nawabandikia. Yule dada alitoka na kikaratasi chake, plagi nne mpya, na boksi nne za koili ambazo sasa anatafuta mtu wa kumuuzia.