Mkimbizi si tusi: dhana ninazokutana nazo darasani

Nilikuwa nafundisha Uraia darasa la tano, Dar es Salaam. Binti aliyehamia kutoka Kasulu, Kigoma, akasimama kusoma, neno "kalamu" likamtoka "karamu". Darasa likaangua kicheko. Sauti ikatoka nyuma: "Mkimbizi huyo!" Binti akaketi, akafunika kitabu, na wiki ile nzima hakusoma tena. Yeye ni Muha, kabila la Kigoma hapa hapa Tanzania, na wazazi wake wote wawili ni Waha.

Tangu siku hiyo somo la haki za wakimbizi silianzi kwa mikataba. Naanza na dhana ambazo wanafunzi wamekuja nazo kutoka nyumbani.

Dhana: Mkimbizi hujulikana kwa lafudhi na sura.
Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mpaka wa Tanzania na Burundi uliwakuta watu hao wanasikilizana zamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi unamtaja aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 ukawaongeza wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Matamshi hayamo.

Dhana: Aliyeingia bila pasipoti ni mhalifu.
Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Nani angepata muda wa kuomba pasipoti? Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari, mradi ajitokeze mapema kwa mamlaka na kueleza sababu zake.

Dhana: Ubaguzi wa rangi ni mambo ya Wazungu.
Hapa ndipo ninapokaa sana. Nachora ubaoni pwani yetu, kutoka Tanga hadi mto Juba, Somalia. Karne ya 19, Wazigua, kabila la Tanga, na watu wa makabila mengine walipelekwa Somalia utumwani. Waliotoroka wakajenga vijiji bondeni mwa Juba, na Kizigua chao wakakitunza. Walikuwa weusi na Waislamu kama jirani zao, lakini wakaitwa "jareer", yaani wenye nywele ngumu, na kuonwa duni vizazi kwa vizazi. Vita vilipowaka 1991 hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwakinga. Wakaporwa chakula na mashamba. Wengi walikimbilia Kenya, wengine wakafika Tanga. Waliopewa makazi Chogo, Handeni, walikuta wenyeji wanaozungumza lugha ya babu zao, na wengi wao wamepata uraia wa Tanzania.

Nawauliza watoto: kwenye kisa cha nywele ngumu, Mzungu yuko wapi? Darasa hunyamaza. Ndipo tunafungua Katiba, ibara ya 13(5), inayoeleza maana ya kubagua. Humo mna rangi, na pia kabila, utaifa na pahala mtu alipotokea. Kicheko cha "karamu" kinaingia humo humo.

Dhana: Hata akipewa uraia, bado ni mgeni.
Warundi zaidi ya 160,000, wengi wao wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa tajinisi, yaani wa kuomba na kuandikishwa. Sheria inawatenga na raia wa kuzaliwa kwa machache, kama kugombea urais. Kura wanapiga.

Dhana: Mkimbizi akishapokelewa, haki zake zote anazo.
Hii ni ya watu wazima zaidi. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa. Kutoka kambini ni kwa kibali. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hiyo ni haki. Nilimwambia mimi naona si haki, kisha nikampa kifungu cha 26 cha Mkataba wa 1951, kinachohusu uhuru wa kutembea, awasomee wenzake.