Kuchagua na Kutunza Nguzo ya Dansi Katika Jiji Lenye Hewa ya Chumvi

Ushauri mwingi kuhusu nguzo za dansi, yaani mabomba ya metali yaliyosimama wima ambayo mchezaji huyapanda na kuyazunguka, unaopatikana mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako shida ya kwanza ya mchezaji ni nguzo iliyopoa hadi ngozi ikakataa kushika. Ndiyo maana ushauri huo umejaa maelekezo ya kupasha nguzo joto kabla ya mazoezi, na hausemi jambo kubwa kuhusu hewa ya bahari. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hali ni tofauti kabisa. Hapa nguzo hukutana na unyevu karibu mwaka mzima, jasho jingi, na chumvi inayotoka pande mbili: ile inayopeperushwa na upepo wa Bahari ya Hindi na ile inayotoka mwilini mwa mchezaji mwenyewe. Anayechagua nguzo kwa kuangalia mng'aro wake dukani, bila kuuliza itavumilia vipi chumvi hiyo, huenda akajuta kabla masika mawili hayajapita.

Sisi tunaoshughulika na sayansi ya metali tumekuwa tukiulizwa maswali haya na wenye kumbi za mazoezi, na pia na watu wanaotaka kufunga nguzo sebuleni. Wapo ambao bado wanaihusisha nguzo na kumbi za usiku peke yake, lakini mchezo huu umeshapiga hatua: mwaka 2017 shirikisho lake la kimataifa lilipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, chombo kilichokuwa kikiunganisha mashirikisho ya michezo duniani. Kipenyo kilichozoeleka katika mashindano ni milimita 45, ingawa zipo nguzo za milimita 40 kwa wenye viganja vidogo na za milimita 50 zinazopatikana katika kumbi za zamani. Kipenyo ni suala la mkono wa mtu. Aina ya metali na umaliziaji wa uso wake ndiyo mambo yanayohitaji maelezo marefu.

Tuanze na chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi. Jina hilo limewapotosha wengi. Stenlesi hushika kutu, ila kwa masharti. Ndani yake mna kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo huungana na oksijeni ya hewani na kutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaoufunika uso wote na kujirekebisha wenyewe kila unapokwaruzwa. Adui mkubwa wa utando huo ni kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Kloraidi inapokaa juu ya metali kwa muda mrefu katika hewa yenye unyevu, hutoboa utando mahali padogo padogo, kisha vitundu hivyo huzidi kuchimbika kwa ndani huku uso ukionekana mzima. Madoa ya rangi ya chai yanayoonekana kwenye vishikio vya ngazi vya majengo ya Masaki, Msasani na Kigamboni ni dalili ya awali ya kazi hiyo ya chumvi.

Madaraja ya stenlesi, yaani aina zake kulingana na muundo, yanayomhusu mnunuzi ni matatu. Daraja la 304 lina kromiamu takribani asilimia 18 na nikeli takribani asilimia 8, na linatosha kwa nguzo ya ndani ya nyumba inayosafishwa vizuri. Daraja la 316 limeongezewa molibdenamu kati ya asilimia 2 na 3, na nyongeza hiyo ndiyo inayolifanya listahimili kloraidi zaidi. Kwa ukumbi ulio karibu na ufukwe na unaofungua madirisha upande wa bahari, gharama yake ya ziada ina sababu. Daraja la 201 ndilo la kuangalia kwa makini. Limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganisi ili bei ishuke, likitoka kiwandani hung'aa sawasawa na 304, na mara nyingi ndilo linalotumika kwa mabomba ya mapambo na vishikio vya ngazi. Katika hewa ya pwani huanza kuchafuka mapema.

Hapa pana imani moja inayosikika sana madukani, kuanzia Gerezani hadi Buguruni: weka sumaku, ikikataa kunasa, basi stenlesi ni nzuri. Kipimo hicho hakitoshi. Sumaku itakujulisha kwamba bomba si la chuma cha kawaida, lakini haiwezi kutenganisha 201 na 304, kwa kuwa zote mbili kwa kawaida hazivutwi nayo. Kinachotenganisha ni cheti cha kiwanda kinachotaja daraja na viwango vya kila elementi, au kipimo cha kifaa cha mkononi kinachosoma muundo wa metali kwa miale ya eksirei kwa muda wa sekunde chache. Muuzaji asiyeweza kutoa cheti anauza bomba lisilojulikana, na bei yake ilipaswa kulingana na hali hiyo.

Hata bomba zuri linaweza kuharibiwa karakana. Fundi akitumia diski ya grenda iliyokuwa ikikata nondo au bomba la chuma cha kawaida, chembe za chuma hujipachika juu ya stenlesi, na baada ya siku chache za unyevu chembe hizo hushika kutu na kumfanya mteja adhani ameuziwa bandia. Vivyo hivyo, sehemu iliyochomelewa na kubaki na rangi za bluu na kahawia imepoteza ulinzi wake, kwa sababu joto limevuruga kromiamu ya juu. Ni lazima isafishwe kwa dawa ya asidi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha isuuzwe kwa maji mengi. Mimi ningependa zaidi nguzo isiyo na kiungo cha kuchomelea mahali popote ambapo kiganja au paja hupita. Na bomba la kishikio cha ngazi, ambalo mara nyingi ukuta wake ni mwembamba, lisigeuzwe kuwa nguzo ya dansi kwa sababu tu linapatikana kwa urahisi. Liliundwa ili mtu aliegemee akipanda ngazi, na halikukusudiwa kubeba mwili unaozunguka.

Nguzo zilizopakwa kromu ndizo zilizoenea kuliko zote, na zina sababu nzuri ya kupendwa: uso wake ni laini, mgumu, na wachezaji wengi husema unashika kuliko stenlesi. Lakini kinachong'aa pale ni ngozi nyembamba mno. Kwa kawaida huwa na tabaka la nikeli lenye unene wa mikromita kadhaa, na juu yake kromu isiyofika hata mikromita 1, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chini ya vyote hivyo, mara nyingi, kuna chuma cha kawaida. Tofauti na zinki ya mabati, ambayo huliwa yenyewe ili kukilinda chuma kilicho chini, nikeli na kromu hufanya kinyume chake: pakishatoboka, chuma cha chini ndicho kinacholiwa kwa kasi, na kutu husambaa chini ya tabaka hadi linabanduka magamba. Magamba hayo yana makali yanayoweza kukata ngozi. Kwa hiyo mwenye nguzo ya kromu ana wajibu mmoja mkubwa, nao ni kuzuia mikwaruzo: pete, bangili, saa, vikuku na zipu za chuma vivuliwe kabla ya kupanda, bila kumwonea mtu haya.

Nikeli iliyo chini ya kromu huleta suala jingine. Baadhi ya watu, hasa waliowahi kuwashwa na hereni za bei rahisi, wana mzio wa nikeli, na kwao nguzo ya kromu iliyochakaa inaweza kuleta vipele mapajani na viganjani. Stenlesi ya 304 au 316 ina nikeli pia, lakini utando wake huizuia isitoke kwa wingi, hivyo ndiyo huwa chaguo salama zaidi kwa watu hao. Anayeendelea kupata vipele amwone daktari wa ngozi kabla ya kununua nguzo nyingine.

Shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hupendwa na wachezaji wanaotoka jasho sana viganjani, na katika jiji hili hao si wachache. Ni laini kuliko chuma, uso wake hupata mikwaruzo midogo kwa matumizi, na mikwaruzo hiyo huonekana kusaidia mshiko. Inapitisha joto haraka mara saba hivi kuliko stenlesi, kwa hiyo huliondoa joto la kiganja badala ya kulilimbikiza. Ina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi: kuanzia mwaka 2008 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira limesajili aloi za shaba, yaani michanganyiko yake na metali nyingine, zenye angalau asilimia 60 ya shaba kuwa zinaua bakteria juu ya uso wake. Faida hiyo hupatikana uso ukiwa wazi, bila vanishi, na haimwondolei mtu kazi ya kusafisha.

Ubaya wake unajulikana kwa yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya pwani yenye mabuli na sinia za shaba: hufifia, hugeuka rangi, na huacha harufu mikononi. Wazee walisugua kwa ndimu na majivu, na kemia yao ilikuwa sahihi, kwa kuwa asidi ya ndimu huyeyusha oksaidi, ule utando uliofifisha shaba. Kwa nguzo, tumia ndimu au siki iliyochanganywa na maji, acha majivu kwa kuwa yanakwaruza, na suuza hadi asidi yote iishe. Jambo la hatari hasa ni amonia, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo. Jeshi la Uingereza nchini India lilipata fundisho hilo wakati maganda ya risasi ya shaba ya manjano yalipokuwa yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1921 ulionyesha kwamba amonia iliyotokana na mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya metali, ndiyo iliyoyapasua. Nguzo inayobeba mtu kichwa chini haifai kukaribishwa jirani na dawa ya aina hiyo.

Nguzo za rangi ya dhahabu huwa zimepakwa titani naitraidi, tabaka gumu sana lenye unene wa mikromita chache. Ugumu huo ni wa kweli, lakini tabaka lina vitundu vidogo ambavyo maji ya chumvi hupenya, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni metali gani iliyo chini. Rangi ya unga inayookwa hushika zaidi na huchubua ngozi zaidi, nayo ikimeguka haina tiba rahisi. Silikoni ni kwa wanaofanya mazoezi wakiwa wamejifunika mwili, jambo ambalo kwa wanawake wengi wa jiji hili ndilo sharti la kushiriki. Inashika nguo vizuri, lakini ngozi tupu ikiteleza juu yake huungua. Huoshwa kwa maji na sabuni laini pekee. Bomba la mabati lisitumike kabisa, maana zinki ni laini, huchubuka na kuacha uso wenye vinundu.

Sasa usafi. Kumbi nyingi hufuta nguzo kwa spiriti ya hospitali ya asilimia 70 na kudhani kazi imekwisha. Spiriti hukata mafuta ya mwili na losheni vizuri, na huua vijidudu vingi, lakini chumvi huyeyuka katika maji, wala spiriti si kiyeyushi chake kizuri. Ndiyo maana nguzo inayofutwa kwa spiriti kila siku inaweza kupata madoa ya kutu huku mwenyewe akiapa kwamba haachi kuisafisha. Mwisho wa siku ya mazoezi, futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji yenye sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, kausha kabisa, na spiriti ije baadaye. Maji yenyewe yachaguliwe, kwa kuwa visima vingi vya jijini hutoa maji yenye chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kurudisha kile unachokiondoa. Tumia ya bomba au ya mvua. Spiriti hushika moto, hivyo dirisha liwe wazi, kusiwe na ubani wala mshumaa chumbani, na mtu asipande kabla haijakauka.

Dawa za klorini za kung'arishia nguo na dawa za choo zenye asidi zisiguse nguzo yoyote ya metali. Stiliwaya ya jikoni nayo ikae jikoni, kwa kuwa inakwaruza kromu na kuacha nyuzi za chuma juu ya stenlesi.

Kiyoyozi kina mtego wake. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida hapa miezi ya joto, huanza kuacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 22 kisha madirisha yakafunguliwa, nguzo itatoka maji mbele ya macho yako, na aliye juu yake atateleza. Ngozi yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko ngozi kavu kabisa, ila maji yakifika kiasi cha kuwa utando, mshiko hupotea ghafla. Basi amua mapema kama kipindi kitaendeshwa kwa kiyoyozi au kwa hewa ya nje, wala usibadilishe katikati. Poda ya magnesiamu kaboneti husaidia viganja. Poda ya watoto huongeza utelezi, na mafuta ya nazi yasipakwe siku ya mazoezi.

Kila mwezi pitisha kitambaa cha pamba taratibu kutoka juu hadi chini. Kikinasa nyuzi mahali popote, hapo pana mkwaruzo au gamba. Kwenye stenlesi, doa la juu linaweza kuondolewa na fundi mwenye vifaa safi vya kung'arisha. Kwenye kromu iliyokwisha kubanduka, kupaka rangi ya dawa ya kupuliza kutaficha kutu kwa wiki chache tu na kuufanya uso uteleze usivyotarajiwa, hivyo sehemu hiyo ya nguzo ibadilishwe, na ikibidi kusubiri nyingine, mazoezi yahamishiwe sakafuni.