Msuko Ukiuma, Fumua: Maswali na Majibu Kuhusu Nywele Kukatika Pembeni

Kila baada ya sikukuu, kliniki yetu ya ngozi hupokea wanawake waliojifunga kitambaa kichwani. Wakikivua, paji la uso limepanda vidole viwili, na mbele kabisa umebaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi ambavyo rasta haikuweza kuvishika. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nayajibu hapa.

Huu ni ugonjwa gani?

Ni nywele kupotea kwa sababu ya kuvutwa mara kwa mara. Si kurogwa wala kijicho cha jirani. Nywele ikivutwa wiki hadi wiki, tundu inamoota huvimba. Ikivutwa miaka, tundu hilo hufa na kuwa kovu. Wanaovuta ni rasta, yebo yebo, wivingi ya kushonea, wigi la gundi, dredi zinazokazwa kila mara, na ule mkia wa kubana unaovutwa mpaka nyusi zinapanda.

Lakini nesi, msuko mpya si lazima uume siku mbili tatu?

Hapana. Msuko haupaswi kuuma. Tumeshazoea tu, na mazoea hayageuzi madhara kuwa kawaida. Wapo wanaomeza vidonge vya maumivu kabla ya kwenda kusukwa, kama wanakwenda kung'olewa jino, na wananieleza hayo bila wasiwasi wowote. Ukishindwa kulala ubavu, macho yakigoma kufumba vizuri, ngozi ikiwa imeinuka pale rasta inapoanzia, msuko huo umekazwa kupita kiasi. Fumua. Usisubiri "ulegee wenyewe", maana katika siku hizo za kusubiri ndipo shina linapoumia.

Nimetoka vipele vyenye usaha kwenye mashina. Nipake nini?

Swali la kwanza nitakalokuuliza ni kama msuko bado uko kichwani. Nitakuta upo, umepakwa mafuta mazito au spiriti juu yake. Sasa hapo unatibu nini, wakati kinachoumiza bado kinavuta? Fumua kwanza, osha kwa maji na shampuu, kisha njoo tuangalie kama unahitaji dawa. Ukiona homa, au tezi zimevimba nyuma ya masikio au shingoni, njoo siku hiyo hiyo.

Mbona nikisuka zinakua na nikiacha zinakatika?

Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, zikiwa zimesukwa au hazijasukwa. Msuko mlegevu unazipumzisha zisichanwe kila siku, ndiyo maana unaona urefu. Mlegevu, nasema. Na usizidishe wiki sita hadi nane. Kuna watu wanakaa na rasta miezi minne kwa kuwa "nimelipa hela nyingi", huku uchafu umegandamana kwenye mashina na nywele mpya iliyoota inabeba uzito wote.

Nywele zangu za kipilipili ni ngumu sana. Si afadhali niweke dawa?

Zinaonekana ngumu, lakini ni dhaifu. Kila mahali unywele unapojikunja ndipo unapoweza kukatika, na mafuta ya ngozini hayashuki kirahisi hadi kwenye ncha, hivyo zinakauka. Zioshe kila wiki moja au mbili. Zichane zikiwa na maji na kondishena, kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda. Kuzichana zikiwa kavu, kwa nguvu, kuanzia kwenye shina, ni kuzikata kwa mikono yako.

Dawa ya kulainisha ina kemikali kali. Ikianza kuunguza, mtu asikwambie "vumilia ishike": ioshe kwa maji mengi hapo hapo. Nywele iliyotiwa dawa haivumilii kuvutwa kama isiyotiwa, kwa hiyo kuweka dawa leo na kusukwa rasta kesho ndiyo njia ya haraka ya kumaliza nywele za mbele. Acha angalau wiki mbili zipite.

Binti yangu analia kila akisukwa. Nifanye nini?

Mama, mtoto analia kwa sababu anaumia. Usimfinye atulie, mwambie msusi alegeze, au mnyoe. Akiwa na mabaka yenye magamba na nywele zimekatika hapo, huenda ni mapunye, na hayo yanahitaji vidonge kutoka hospitali. Krimu peke yake haitoshi. Kitunguu saumu kibichi kitamuunguza tu.

Zilizokatika zitaota tena?

Inategemea umekuja lini. Ukija mapema, vitundu vikiwa bado hai, kuacha kuvuta peke yake mara nyingi kunazirudisha, ingawa utasubiri miezi kadhaa. Tunaweza kukupa dawa ya kutuliza uvimbe, au minoksidili, dawa ya kuotesha nywele (usiitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha). Ukija baada ya miaka mitano ya kufunika kwa wigi, ngozi imekuwa laini, inang'aa, haina tundu hata moja, hakuna mafuta ya mnyonyo wala maji ya mchele yatakayootesha kitu pale. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu wengi huniambia waliona dalili tangu mwanzo.

Na usiniambie daktari wa ngozi yuko mbali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kinaandaa wataalamu tangu 1992, wakiwemo maofisa tabibu waliobobea katika ngozi. Anza kwa kuuliza hospitali ya mkoa wako kama ina kliniki ya ngozi na inafanyika siku gani.

Nimesukwa jana, kichwa kinagonga, na harusi ya dada yangu ni Jumamosi. Nivumilie mpaka ipite?

Hapana! Rudi kwa msusi leo. Afumue mistari ya mbele na ya pembeni, azirudishie kwa rasta nyembamba bila kukaza, na vile vinywele vidogo vya ukingoni aviache nje. Akikwambia hazitapendeza, lipa, ondoka, utafute mwingine. Na ukifika ukumbini, usizivute tena zote juu kuwa fundo moja.