Kopa la karata ni kikombe

Kwenye karata tuna kopa, uru, shupaza na pau. Majina yote manne ni ya Kireno: copas, ouros, espadas, paus, yaani vikombe, dhahabu, panga na magongo. Sasa litazame hilo kopa. Jina linasema kikombe, mchoro unaonyesha moyo.

Karata za kale za Uhispania na Ureno zilichorwa vikombe kwelikweli, na Wahispania wanazichapa hivyo hadi leo, 40 au 48 kwa pakiti. Wareno walipohamia karata za Kifaransa, hizi zenye mchoro wa moyo, walibadili michoro, majina wakayaacha palepale. Mhispania akishika karata hiyo ya Kifaransa huiita corazones, mioyo. Kinachotuonyesha kwamba kopa liliingia kwa mlango wa Kireno, si wa Kihispania, ni jina pau: magongo kwa Kihispania ni bastos, kwa Kireno ni paus. Kwa hiyo anayechora kopakopa la mapenzi, kwa jina anachora chombo cha kunywea.

Asili ya neno kopa ni Kilatini. Cupa lilikuwa pipa, na hilo likazaa cuba, ambalo katika Kihispania na Kireno ni pipa au tangi. (Kisiwa cha Kuba hakimo humu.) Umbo la baadaye, cuppa, ndilo lililozaa copa.

Kihispania kimelitanua neno kwa kufuata umbo la kitu kilichobonyea au kutuna juu. Copa ni bilauri yenye mguu, ni kikombe cha ushindi, ni matawi na majani ya juu ya mti, ni sehemu ya kofia inayomeza kichwa, hata kikombe cha sidiria. Ukialikwa tomar una copa, usitegemee chai. Hapo ni pombe.

Kireno kimegawa kazi. Copo, la kiume, ndilo bilauri ya kila siku, na ndilo lililotupa kopo. Copa, la kike, limebaki na mti, kofia na karata, kisha likaongeza maana ambayo Kihispania hakina: chumba kidogo kando ya jiko cha kuwekea vyombo na kuandalia chakula. Huko Brazili copeira ni mama anayepika kahawa ofisini. Kwenye mpira, Mbrazili husema Copa do Mundo, lakini kile chombo chenyewe kinachonyanyuliwa hukiita taça, neno lenye asili ya Kiarabu. Mreno hulitumia taça kwa mashindano pia: Taça de Portugal.

Wanafunzi huteleza zaidi kwenye maji. Uhispania omba un vaso de agua. Ureno na Brazili, um copo de água. Ukibeba vaso lako hadi Brazili umeomba chungu cha maua, au vibaya zaidi, maana vaso sanitário ni choo cha kukalia. Ukirudi Uhispania na copo, umetaja chembe ya theluji au ya shayiri iliyopondwa. Na Ureno ukiandikiwa copo-d'água kwenye kadi ya harusi, usidhani utapewa maji tu: ndiyo karamu yenyewe.

Copacabana ya Rio, ambayo wenyeji huifupisha kuwa Copa, haina ukoo na kikombe. Jina hilo lilitoka mji wa Copacabana, kando ya ziwa Titicaca, Bolivia, likaletwa pamoja na sanamu ya Bikira Maria wa huko.