Lee Chong Wei na maneno ya kijiweni

Tuna kiwanja cha udongo nyuma ya nyumba moja hapa Area D. Jioni tunafunga neti, tunasubiri upepo wa Dodoma utulie. Usipotulia tunarudi kijiweni kubishana, na ubishi wa mpira wa vinyoya (badminton) haupiti bila jina la Lee Chong Wei, Mmalaysia aliyetundika raketi Juni 2019. Mengi yanayosemwa juu yake ni ya kuokoteza.

"Jamaa hakushinda kitu."

Hili ndilo linalonichefua. Kweli, hana dhahabu ya Olimpiki wala ya ubingwa wa dunia. Alifika fainali tatu za Olimpiki mfululizo na zote akafungwa: Beijing 2008 na London 2012 mbele ya Lin Dan, Rio 2016 mbele ya Chen Long, Wachina wote wawili. Ile ya London seti ya tatu iliisha 21–19. Pointi mbili hizo ndizo watu wanaziita "hakushinda kitu".

Sasa hesabu upande wa pili. All England, mashindano makongwe kuliko yote ya mchezo huu, kayabeba mara nne: 2010, 2011, 2014 na 2017. Malaysia Open mara 12. Alikaa namba moja duniani kwa wiki 349, na kati ya hizo 199 hakushuka hata siku moja, tangu Agosti 2008 hadi Juni 2012. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2009 alimkuta kileleni, akaingia la nne jamaa bado yupo palepale.

"Lin Dan alikuwa baba yake."

Walikutana mara 40, Lin Dan akashinda 28. Hapo sibishi. Ila mara ya mwisho kwenye Olimpiki, nusu fainali ya Rio, Lee alipoteza seti ya kwanza 15–21, akachukua ya pili 21–11, akamaliza ya tatu 22–20. Baba naye alitolewa jasho.

"Alikamatwa na dawa, basi ni tapeli."

Alipimwa 2014 akakutwa na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Akafungiwa miezi minane na kunyang'anywa medali ya fedha ya ubingwa wa dunia wa mwaka huo. Wanaolisema hili huishia hapo. Jopo lililomsikiliza liliridhika kwamba hakukusudia kudanganya, kosa lake lilikuwa uzembe. Aliporudi 2015 alipitia hata mashindano ya ngazi ya chini, akabeba US Open na Canada Open.

"Alikimbia vijana."

Julai 2018, akiwa na miaka 35, alimpiga Kento Momota wa Japani kwenye fainali ya Malaysia Open. Mwezi uliofuata Momota akawa bingwa wa dunia. Kilichomwondoa Lee ni saratani ya pua, iliyogundulika mwaka huohuo. Alitibiwa Taiwan, akajaribu kurejea, mwili ukagoma.

"Kwanza huo ni mchezo wa kupunga upepo."

Upepo gani tena! Kwetu sisi upepo ndio adui. Kinyoya, yaani mpira wenyewe, kina manyoya 16 na uzito wa gramu tano hivi. Kwenye smashi ya Lee, lile pigo kali la kushusha chini, kilitoka kwenye raketi kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Treni ya SGR inayotuleta kutoka Dar imesanifiwa kwa 160. Halafu Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: hewa nyepesi, kinyoya kinapitiliza mstari. Na ukavu wa kiangazi unayafanya manyoya yakatike kama majani makavu, ndiyo maana kabla ya kucheza tunayashikilia kidogo juu ya mvuke wa birika.

Juzi mzee mmoja wa kijiweni, bingwa wa kusema ni mchezo wa watoto, aliomba raketi. Dakika kumi tu, akaketi kwenye tofali akihema, akauliza kama maji ya lile birika yanatosha chai.