Je, wajua kwa nini mtangazaji husikika akiongea kutoka kwenye sabufa?

Minada ya korosho ikifunguliwa na malipo yakaanza kuingia, maduka ya vifaa vya umeme ya Mtwara mjini na Masasi huchangamka, na sabufa ni miongoni mwa vitu vinavyofungwa kwenye bodaboda kurudi vijijini. Baada ya muda malalamiko yanaanza. Mdundo upo, bati linatetemeka, lakini mtangazaji wa mpira anaonekana ukutani kwenye televisheni huku sauti yake ikitoka nyuma ya kochi, nzito kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Wengi hukimbilia kupunguza besi. Haisaidii sana, kwani kasoro mara nyingi haiko kwenye wingi wa besi. Iko pale ilipokatwa.

Mkato huo ndio mafundi wanaouita krosova. Unaamua sauti za chini ya masafa fulani ziende kwenye sabufa, na za juu yake zibaki kwenye spika ndogo. Hata hivyo hakuna ukuta hapo. Ukiweka 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, sabufa haizimi ghafla ikifika 81. Inafifia taratibu, na kwenye amplifaya nyingi za homu thieta ikifika 160 Hz inakuwa imeshuka kwa desibeli 24 hivi, yaani haisikiki sana tena.

Kwa nini 80 ndiyo namba inayotajwa kila mahali? THX, mfumo wa viwango vya sauti ulioanzishwa na kampuni ya filamu ya Lucasfilm ya Marekani mwaka 1983, uliichagua kwa sinema za nyumbani, na sababu yake iko masikioni mwetu. Tunajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha inavyofika sikio la kulia na la kushoto. Kwa joto la Mtwara sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la 80 Hz lina urefu wa mita 4 na ushei, pengine kuliko sebule yako. Wimbi refu hivyo linakizunguka kichwa kana kwamba hakipo, na masikio yote mawili yanapata karibu kitu kilekile. Hapo sabufa inaweza kujificha pembeni bila kujulikana.

Ukipandisha mkato hadi 150 Hz, mambo yanageuka. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia takriban 85 hadi 180 Hz, kwa hiyo kifua cha mtangazaji kinahamia kwenye boksi la sabufa, na sikio linaanza kumtambua alipo.

Seti za bei ya kawaida, zenye boksi moja na vispika vya inchi tatu, mara nyingi hazina krosova ya kuzungusha. Kiwanda kimeshakata, tena juu, kwa sababu vispika hivyo haviwezi kushuka chini. Hapo usihangaike na vitufe: toa boksi nyuma ya kochi, liweke chini ya televisheni. Sauti itatokea panapostahili, na hulipi hata shilingi.

Mwenye amplifaya inayokubali kurekebishwa aanze na 80. Spika ikiandikwa kwamba inashuka hadi 60 Hz, 80 inaitosha. Ikiishia 100, panda hadi 120. Kisha angalia nyuma ya sabufa yenyewe. Ikiwa nayo ina krosova, izungushe hadi mwisho wa juu, au tumia tundu lenye alama ya LFE, ambalo hupitisha besi bila kuikata tena. Ukikata mara mbili, kwenye amplifaya na kwenye sabufa, sauti za katikati zinakosa wa kuzibeba. Kosa hili naliona hata kwa watu waliotumia pesa nyingi.

Kupima hakuhitaji mashine. Weka taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume, halafu wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Noti ikivimba ghafla, sogeza boksi mbali na kona, maana kona huongeza besi. Ikimezwa karibu na pale ulipokata, geuza swichi ya fezi (inayolinganisha mwendo wa sabufa na wa spika) kutoka 0 kwenda 180, mwenzako akiizungusha huku wewe umekaa unapokaa siku zote, kisha bakini na upande ule ambao besi imejaa zaidi.